Sauti Yangu Ilivyorudi kwa Santuri ya Mvua

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana huko nyuma nimesikia midomo miwili mitatu tu, na ninyi si wachache.

Mimi ni mke wa Yoeli, karani wa pamba, tunakaa Mkuyuni. Wengi mnanijua kwa sauti. Nikianza wimbo hapa, wapita njia wanageuza shingo, na wapo kati yenu wanaonong'ona kwamba mke wa Yoeli anapaza mno. Napaza! Aliyewahi kunyang'anywa sauti hawezi kuitumia kwa kijiko. Leo nataka niwaeleze jinsi Mungu alivyonirudishia, tena kwa njia ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, nyumba ya Kilutheri katikati ya migomba. Niliimba kabla sijajua kujifunga kanga. Nilipoolewa na Yoeli nikapanda meli kuja Mwanza, na hapa kwenye ushirika wetu wa waliookoka nikapewa kazi ya kuanzisha nyimbo. Ilikuwa miaka ile watu walipoanza kulitaja neno uhuru, kwanza kwa sauti ya chini, halafu sokoni, halafu kila mahali. Nami nilikuwa na furaha yangu ya pembeni, maana nilikuwa mjamzito.

Mtoto alizaliwa asubuhi. Jua halikuzama naye. Ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Akina mama waliokuja kunihudumia walinifuta uso wakaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Mtoto wa maji, aliyekufa kabla ya jina, haliliwi. Ukimlilia unamfungia mlango anayekuja nyuma yake." Wanaume wakamchukua wakamzika. Hakupewa jina, hakukaliwa matanga, na jioni ile ile wakanipikia uji wakaanza kuzungumza habari za mvua na bei ya dagaa. Hawakuwa na ubaya. Walinifanyia walivyofanyiwa wao, na mimi nikanyamaza kama nilivyoambiwa.

Jumapili niliyorudi kusali, nilisimama kuanzisha wimbo kama kawaida. Nikafungua kinywa. Hakuna kitu! Kuongea naweza, kukohoa naweza, kumwita muuza maziwa naweza, lakini kuimba, koo linajifunga kama mdomo wa gunia. Nikajaribu tena, watu wakasubiri, wengine wakainamisha macho. Mwishowe dada mmoja akaanzisha yeye, nami nikakaa chini.

Sasa, ninyi mnaujua ushirika wetu. Kwetu mtu akipungukiwa, tunamwambia aje nuruni. Mzee Filemoni, kiongozi wetu, mtu wa sala na mwenye huruma nyingi, alinishika mkono akasema, "Binti yangu, kuna jambo umelificha. Litoe, na sauti itarudi." Nikaamini. Nikaanza kutafuta dhambi. Nikaungama hasira, nikaungama uvivu, nikaungama kwamba namchukia jogoo wa jirani. Zilipokwisha za kwangu nikaanza kuazima za watu! Kila nilipomaliza, wote waliimba kwa shangwe, wakanipa mikono, halafu wakanitazama mdomoni kama watu wanaongoja chungu kichemke. Nami nilikuwa sina hata mvuke.

Nikaanza kuiogopa Jumapili. Nilitembea mjini kama mtu aliye chini ya maji. Naona midomo ya watu ikienda, sauti inafika imechelewa. Naliona ziwa limetulia kati ya mawe, nasema moyoni, lile nalo lilinyamazishwa na nani? Yoeli wangu alikuwa ananitazama tu wakati wa kula, ananisogezea kipande kikubwa cha samaki, hasemi neno. Niliogopa kwamba nitakufa hivyo, nikiwa hai.

Uani kwetu, ukuta kwa ukuta, aliishi Fundi Idi na mke wake Bi. Mwajuma, watu wa mji wa siku nyingi, Waislamu, wenye damu ya kila pwani ya ziwa hili. Bi. Mwajuma alikuwa mshonaji. Fundi Idi alitengeneza gramafoni, na zaidi ya hapo alikuwa na wazimu wake mmoja. Alikuwa na mashine ya kukata santuri, aliyoiunga mwenyewe kwa vyuma vya mnadani na betri ya lori. Mtu akitoa sauti mbele ya pembe yake, sindano inachora ile sauti kwenye santuri laini, moja moja, kama mtu anayechonga kinu. Alizibandika chapa yake, Kokoto, karatasi ya duara aliyoikata kwa mkasi wa mkewe.

Mnadhani alirekodi dansi? Dansi ilikuwa inauzwa kwenye maduka makubwa kule mjini, imetoka Nairobi na Dar, ina magitaa na matarumbeta. Fundi Idi hakuitaka. Santuri yake ya kwanza ilikuwa vyura wa mto Mirongo, sauti zao amezipunguza mwendo mpaka wakawa kama wazee wanaosali. Ya pili ilikuwa cherehani ya Bi. Mwajuma ikikimbizana na yale mawe ya njia ya Mkolani ambayo ukiyagonga yanalia kama kengele. Ya tatu, upande mmoja ni makasia, na upande wa pili ni kimya cha chumba kitupu. Mteja mmoja alirudi nayo kwa hasira akisema amepunjwa upande mzima!

Kila santuri mpya ilipotoka, Fundi aliweka gramafoni kizingitini na kutangaza. Mtaa ulikuja kucheka. "Idi, leo umetuuzia nini, kikohozi?" Yeye anajibu, "Kikohozi kinakuja mwezi ujao, weka nafasi." Lakini nakwambieni, walikuwapo waliobaki baada ya wenzao kuondoka. Walikaa kwenye jamvi wamefumba macho, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Bi. Mwajuma aliniona nazubaa uani akaniita nikamsaidie kubandika zile karatasi kwa gundi ya muhogo. Nilikwenda kwa sababu pale hakuna aliyengoja niimbe. Kulikuwa na amri moja tu ya nyumba. Fundi akitundika kanga nyekundu mlangoni, sindano inakata, na kila mwenye pumzi anyamaze. Hata kuku walifungiwa. Ndugu zangu, kwa mtu aliyenyang'anywa sauti, ile ilikuwa nyumba ya raha, maana wote tulikuwa mabubu sawasawa.

Siku moja meli ikaleta kifurushi. Fundi alikuwa na mwenzake Bukoba, naye ana wazimu ule ule na chapa yake ndogo, na walikuwa wakibadilishana santuri. Fundi akaitoa santuri iliyokuwamo akaiweka kwenye gramafoni. Ilikuwa upepo kwenye migomba. Basi! Hakuna ngoma, hakuna mtu, majani ya migomba tu yakisuguana alfajiri. Nilikaa pale na karatasi mkononi, gundi ikanikauka vidoleni. Nilisikia shamba la nyumbani. Nilimsikia bibi yangu, ambaye hakuwemo kabisa ndani ya ile santuri, akinibembeleza kwa maneno yake ya Kihaya aliyoyatunga mwenyewe, maneno niliyokuwa nimeyaweka tayari kwa ajili ya yule mtoto.

Alasiri ya siku iliyofuata mawingu yakashuka ziwani. Fundi alikuwa akiingoja mvua hiyo, alitaka kuikata ikianguka kwenye bati. Kanga nyekundu ikatundikwa. Mvua ikaja, kwanza vidole, halafu viganja. Bi. Mwajuma akawa anazungusha cherehani yake taratibu kama alivyoombwa. Mimi nilikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mikono imelala mapajani. Sikulala wala sikuwa macho. Niliona migomba imeota ndani ya ziwa, naona maji yanapita kati ya majani, na mimi natembea nimebeba kitu chepesi chenye joto. Mvua ilipoisha nikashtuka. Fundi alikuwa ameinua sindano, ananitazama.

Akaigeuza mashine, tukasikiliza. Mvua, cherehani, mvua. Halafu ndani ya mvua, mwanamke anaimba. Chini chini, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba.

Nikauliza, "Huyo mama ni nani?"

Bi. Mwajuma akaangua kicheko, halafu kicheko kikamfia mdomoni. Akasema, "Mwanangu, ni wewe."

Nikabisha! Niliapa sikufungua kinywa! Sauti yangu naijua, nikasema, yangu si nyembamba hivyo. Fundi akasema kila mtu hubisha, hakuna anayeijua sauti yake kutoka nje. Akairudia. Na mara ya pili nikayasikia maneno ya bibi, na mwishoni mwa mstari, mahali pa kuweka jina la mtoto, yule mwanamke aliweka jina. Kokushubira. Kwa Kihaya ni jina la tumaini. Nilikuwa nimelichagua nikiwa mjamzito, sijamwambia mtu yeyote, hata Yoeli.

Bi. Mwajuma akauliza, "Alikuwa wa kike?" Ndugu zangu, tangu siku ile hakuna aliyeniuliza hata hilo. Nikasema, "Wa kike." Nikalia. Nikalia mpaka kitambaa alichokuwa akikishona kikawa cha kufutia pua yangu, nacho kilikuwa cha bibi harusi wa watu.

Fundi alisubiri nimalize. Akasema, "Mama, hii ni mali yako. Ukisema niikwangue, naikwangua. Ukisema itoke, itatoka kama zilivyotoka nyingine." Nikamwomba anipe kwanza niende nayo nyumbani.

Mji huu hauna siri. Kabla ya Jumapili habari zilikuwa zimefika kwamba mke wa Yoeli ameimbia mawe na mizimu kwa Fundi Idi, kwa wimbo usiotaja jina la Mungu, na kwamba anamlilia mtoto wa maji. Mzee Filemoni akaja nyumbani. Hakuja kwa ukali, nisimsingizie. Alisema nije mbele ya ushirika, niungame, na niivunje ile santuri mbele ya wote, nifunguliwe. Akaondoka. Nikamtazama Yoeli. Yule mtu asiyesema akasema, "Usiivunje. Na mimi nataka kumsikia mwanangu." Siku ile ya mvua alikuwa ameisikia sauti yangu kupitia ukutani, akiwa amesimama na mwavuli unaovuja.

Jumapili hiyo alasiri nilisimama hapa hapa. Santuri nimeishika mkononi. Yoeli alikuwa ameazima gramafoni ya Fundi na kuibeba mwenyewe kichwani, karani mzima na tai yake. Nikasema, "Wapendwa, nimetafuta dhambi mpaka nimechoka. Sina ya kuungama leo. Mtoto wangu alikufa. Aliitwa Kokushubira. Nisikilizeni, halafu mkitaka nitaivunja."

Yoeli akazungusha mkono wa gramafoni. Mvua ikanyesha ndani ya nyumba hii na nje jua linawaka.

Wimbo ulipofika kwenye jina, mama mmoja akasimama kutoka benchi ya mbele. Alikuwa mke wa Mzee Filemoni, mama tuliyemjua miaka yote kwa utulivu wake. Akasema, "Wa kwangu alikuwa wa kiume." Akasimama hivyo tu, mikono imeanguka. Halafu mwingine nyuma, "Wangu walikuwa wawili." Halafu mwingine. Mzee Filemoni alivua miwani, akaiweka kwenye Biblia yake, akalia kama wanaume wanavyolia, bila sauti, mabega tu. Mtoto wa kiume alikuwa wake pia!

Na hapo, ndugu zangu, nilisikia mtu anaanzisha wimbo wa kumsifu Mungu. Nikageuka kumtafuta ni nani. Haleluya! Mara hii sauti yangu niliijua mwenyewe. Ilitoka na mikwaruzo, ilipanda vibaya, ilikosea mahali pa kuvuta pumzi, lakini ilitoka, nanyi mkaipokea na paa hili likatikisika.

Santuri ile Fundi aliitoa, chapa ya Kokoto, na mtaa haukucheka. Akina mama walikuja wa msikitini na wa kanisani, wa Kisukuma na wa Kijaluo, wakakaa kwenye jamvi lile lile. Santuri laini hazidumu, kila ukizipiga sindano inazila. Ya kwangu nimeipiga mpaka wimbo wote umeliwa, imebaki mvua. Sikuhuzunika. Yule mwanamke ameshatoka ndani yake.

Sasa bendera yetu inapepea, watu wanasema tumekuwa huru, nami nasema amina. Namshukuru Mungu, maana akitaka kumfungua mtu hachagui kinywa wala nyumba. Namshukuru kwa Fundi Idi na Bi. Mwajuma, ambao hawakuniuliza nimekosa nini. Nawasihi mmtegemee Mungu, hata mnapoona amenyamaza, maana kunyamaza kwake si kukasirika.

Nami namalizia kwako wewe, mama uliyekaa karibu na mlango, mwenye kitambaa cha kijani. Sijui jina lako. Nimekuona leo nyimbo zote tatu, kitabu kiko wazi na midomo imefungwa. Usiogope, sitakuita mbele. Tukitoka, nitakaa pale nje kwenye ngazi. Njoo ukae na mimi, na ukipenda, uniambie alikuwa anaitwa nani.