Mzee Rivasi, Dereva, na Wenzake Wawili wa Kiti cha Lori

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza baba yetu, poleni kwa safari na asanteni kwa kufika. Familia imeniomba mimi, binti yake wa tatu, niandike maisha yake kwa kuwa ndiye niliyekaa naye miaka ya mwisho. Sikusoma sana. Nitaeleza niliyoyaona, na yale niliyopitwa nayo nitasema nilipitwa.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne kati ya saba wa mpasua mbao na mkewe mkulima. Alizaliwa miguu ikitangulia. Bibi alikuwa akisema mtoto huyu amekuja duniani kinyumenyume, na wenzake walipoyasikia hayo miaka mingi baadaye walicheka mpaka wakashikana mabega, kwa sababu ambayo mtaijua sasa hivi.

Alianza shule Januari 1958, akafika darasa la sita. Mwaka 1963 gogo lilimvunja babu mguu, na baba akaacha shule ili akasukume msumeno mahali pa babu. Kusoma alikuwa anajua, ila polepole na kwa sauti. Marehemu mama alilalamika kwamba kusafiri naye ni kama kusikiliza redio ya mabango: kila kibao cha barabarani lazima akitamke.

Alianza kupakia mbao kwenye malori mwaka 1966. Leseni ya magari makubwa aliipata tarehe 3 Aprili 1972, akaendesha hadi tarehe 30 Juni 2009, miaka thelathini na saba, kwa makampuni mawili. Hakuua mtu. Alipindua lori mara moja tu, likiwa na shehena ya sabuni, na mvua ikanyesha palepale.

Jina la Rivasi, yaani gia ya kurudi nyuma, alilipata Mei 1983. Mafuriko yalibeba daraja, malori kumi na moja yakakwama mlimani pasipo mahali pa kugeuzia. La baba lilikuwa la mwisho kwenye mstari, kwa hiyo bila yeye kutoka hakuna ambaye angetoka. Alilirudisha kinyumenyume kilomita mbili, lori na trela lake, korongo likiwa upande mmoja. Mzigo ulikuwa umeziba vioo, haoni kitu nyuma. Dereva mwenzake, huyu tunayemwita Spea, alitembea nyuma ya trela akipaza sauti: kona, jiwe, kulia kidogo, simama. Baba alikuwa akituambia kwamba dereva anayerudi nyuma hana macho, ana mtu, na asipomwamini huyo mtu bora ashuke aende kwa miguu.

Alimwoa mama yetu Jumamosi tarehe 7 Septemba 1974. Walijaliwa watoto watano, mmoja akafariki akiwa mchanga. Mama alisema ameolewa na mtu wa wiki moja kwa mwezi. Baba alipostaafu na kukaa nyumbani siku zote, mama alivumilia mwezi mzima, kisha akamwuliza kwa upole kama hakuna safari yoyote mahali popote. Mama alitutoka tarehe 19 Oktoba 2016, na baba akahamia kwangu.

Hapo ndipo nilipowafahamu vizuri wenzake wawili. Nje ya banda la fundi wa matairi, hatua kama mia nne kutoka nyumbani, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye lori lililokufa zamani. Kila siku saa tisa alasiri walikaa hapo watatu: baba katikati, Spea kushoto, Mizani kulia. Spea aliitwa hivyo kwa sababu ya meno ya bandia na chuma cha nyongani. Mizani ni mnene, na enzi zake hakupita mzani wa barabarani hata mmoja bila kusimamishwa. Siku ya kliniki ya wazee aligoma kupanda mzani wa nesi, akisema amepimwa maisha yake yote na sasa amestaafu. Baba alimshauri nesi ampime ekseli moja moja, kama lori.

Mazungumzo yao yalikuwa hayohayo. Nani ameamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Nani amefokewa na mkwe. Magoti ya nani yanalia kuliko ya mwenzake. Spea alidai vidonge vyake ni vikali kuliko vyao, na Mizani akamjibu kwamba hata hivyo vimekuta chuma. Nilikuwa nikipita pale nikitoka sokoni, nasikia vicheko, nashukuru kwamba mzee ana watu.

Baba aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2011. Mimi ni mtu wa wasiwasi, wanangu wananijua. Niliandika sukari yake kila asubuhi kwenye daftari, nilihesabu vidonge, nilikagua nyayo zake kama mtu anayetafuta mwiba. Mwaka 2018 alipokwangua nguzo ya geti na pikapu yake ya zamani, nilichukua funguo nikazifungia kabatini. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaomba chai, nikadhani yamekwisha.

Jumanne tarehe 8 Februari 2022 wazee waliitwa zahanati kupimwa macho. Wakaenda wote watatu, nami nikakaa nje na kadi ya baba. Spea aliingia kwanza. Alipotoka alikaa karibu na baba, akamnong'oneza, wakacheka kama kawaida yao. Baba akaingia, akatoka, na kadi ikaandikwa macho yako sawa. Nilimshukuru Mungu, nikaiweka kadi kwenye mfuko wa plastiki isilowe.

Miezi kadhaa baadaye Spea alianza kuja kumchukua nyumbani. Wakitoka, njia nzima ni kelele tu. "Inua mguu, mzee, huo ni mtaro, si zulia la mkweo." "Simama hapo, pikipiki hiyo inakimbilia urithi wako." Na Mizani akiwaona kwa mbali huanza naye: "Mlete huyo, njoo kushoto, kushoto zaidi, hilo ni tumbo langu." Siku moja niliwaomba washushe sauti kwa sababu mtoto wa jirani amelala. Walinisikiliza. Siku hiyo baba alirudi amechunika muundi. Alisema alikuwa akitazama ndege, akateleza mtaroni.

Jumatatu tarehe 20 Novemba 2023 Spea alikuwa amesafiri kwa bintiye, na Mizani amelazwa kitandani na magoti. Saa tisa baba alivaa kofia, akakaa sebuleni. Nilimwambia aende, kiti si mbali. Akasema, "Barabara leo haifai." Nilimwekea chai mezani. Mkono wake ukapapasa meza nzima kabla ya kukipata kikombe. Alipokirudisha, nilikisogeza upande wa pili bila kusema neno, na mkono ukaenda palepale kilipokuwa. Nilisimama na kitambaa cha meza mkononi. Kitendo kile cha kukisogeza kikombe cha mzee wangu kinanisumbua mpaka leo.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kuondoka hakirudi. Angepata dawa miaka miwili nyuma, alisema, angebaki na sehemu kubwa ya uoni wake. Nilimwonyesha kadi kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Aliisoma, akaniangalia, akanirudishia.

Spea aliporudi nilikwenda mpaka kwenye kiti. Nilikuwa na maneno mengi. Fundi wa matairi aliponiona uso aliacha kazi akaingia ndani. Niliwauliza mtu asiyeona alisomaje herufi za ukutani.

Spea alivua kofia. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemwambia zile herufi."

Akanieleza. Miaka yote ya kazi, walipokwenda kupimwa macho ili leseni isainiwe upya, aliyetangulia kuingia alizikariri herufi na kuwatajia wenzake nje. Hawakufanya kwa ubaya. Dereva akikataliwa macho, watoto wake wanalala njaa, na kila mmoja alijiona yeye bado anaona vya kutosha. Siku ile ya zahanati hakuna aliyekuwa na leseni ya kupoteza. Hawakukaa wakapanga. Spea alitoka, mdomo ukafunguka wenyewe, baba akakariri, wakacheka. Miezi kadhaa ikapita kabla hawajajua kwamba mwenzao kweli haoni.

Nikamwuliza baba mdogo Spea kwa nini hawakuniambia walipojua.

Akajibu Mizani, akitazama viatu vyake. "Alituapisha, mama. Alisema ukijua utamfungia ndani, kama zile funguo."

Nilirudi nyumbani, na nikafanya hilohilo alilosema nitafanya. Wiki tatu sikumruhusu kutoka. Niliogopa mtaro, niliogopa pikipiki, niliogopa kila kitu. Hakugomba. Alikaa na kofia kuanzia saa tisa mpaka jua linapozama, akala kijiko kimoja, akanipa pole kwa kazi. Mwisho nikaona ninamlinda asianguke wakati ameshaanguka palepale kwenye kochi. Nikamshika mkono, tukatoka.

Nilikuwa kiongozi mbaya. Kila hatua nilisema taratibu, angalia, utaumia, Mungu wangu. Tulipofika kwenye kona ya duka la dawa alisimama. "Mwanangu, niambie kilichopo. Usiniambie unachoogopa."

Basi nikajifunza. Mtaro, hatua moja ndefu. Gari limesimama kushoto. Mama mmoja anakuja na ndoo. Tukifika kwenye kiti, wale wawili walinikosoa kama wakaguzi wa barabara. Spea alisema sauti yangu haina uzito wa kutosha kwa trela la kizamani kama hili. Baba alinitetea, akasema walau mimi ninapiga mswaki meno yangu mwenyewe. Miezi mitano niliyomtembeza hivyo nilizungumza naye kuliko miaka yote ya nyuma.

Mwezi Aprili mwaka huu miguu ilianza kumvimba. Alhamisi tarehe 6 Juni 2024 alilazwa hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Jumatatu tarehe 10 daktari aliniita kwenye korido. Alisema figo zote mbili zimesimama, na kwa hali ya moyo wake ile mashine ya kusafisha damu haitamfaa. Nilimpigia kaka yetu mkubwa. Kaka akasema kwa uchungu, na simlaumu, mwambie atapona. Spea na Mizani walikuwa kwenye benchi la korido, wamesikia kila kitu. Spea akasema tumwambie kuna dawa inaletwa. Mizani akamwambia, "We Spea, umeshamwambia herufi, inatosha," kisha akafunika uso kwa mikono yake miwili.

Niliingia. Baba alizijua ndala zangu. Akauliza daktari amesema nini. Nikaanza kusema usijali baba, na yeye akainua kidole kimoja tu kutoka kwenye shuka. Nikavuta kiti.

"Figo zote mbili zimesimama, baba. Hakuna dawa nyingine. Zimebaki siku chache."

Akanigeuzia uso. "Chache ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

Aliuliza kama tunaongea peke yetu, nikamwambia wagonjwa wawili, mmoja amelala, mwingine anajifanya amelala. Alitabasamu. Akaniambia kwamba kaka yetu mkubwa ana moyo mwepesi, nimpe pole kabla hajafika. Kisha akataka wenzake waingie, akawatania kwa nusu saa kuhusu nani sasa atakaa katikati ya kiti, na hawakuweza kumjibu vizuri hata mara moja. Aliwaambia wamezeeka.

Baba alifariki Jumatano tarehe 12 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano na miezi mitatu kasoro siku mbili. Mikono yake ilikuwa na mirija, kwa hiyo nilimshika mguu. Hapakuwa na lingine la kufanya. Pumzi zilikuwa mbali mbali, zikawa mbali zaidi, nami nilibaki nikisubiri nyingine. Nilipotoka, wale wawili walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini ni zamu ya nani kuingia. Waliponiona wakasimama. Nilitaka kutafuta neno laini, sikulipata. Nikawaambia, "Baba amefariki." Mizani aliketi sakafuni, na ilibidi wauguzi wawili na Spea na mimi tushirikiane kumwinua.

Marehemu ameacha watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja wa kike aliyezaliwa Januari, na dada yake mdogo, shangazi yetu, aliyefika jana. Ameacha pia wenzake wawili, baba mdogo Spea na baba mkubwa Mizani, waliokaa hapa mbele pamoja na familia kwa sababu ni familia. Wameniomba niandike kwamba kila mmoja anajiona na kosa. Nimewajibu kwamba tupo watatu.

Mungu ampokee baba yetu na kumpa pumziko la amani.