Wagomvi wa Kiti cha Mbele

Fundi cherehani hakuwa mmbeya; ni macho yake tu yaliyokuwa hayana breki. Kwenye kiti cha mbele yake basini walikaa mzee wa miwani na nesi, watu wasiojuana, kila mmoja na simu mkononi, maandishi makubwa kama mabango.

“Hizi akili bandia zinachungulia mpaka picha za wajukuu zetu,” alisema mzee. “Sheria ije, tena upesi.”

“Kweli kabisa, baba,” alijibu nesi, “ila isije ikaua kazi za vijana. Shida ni kwamba mtandaoni hakuna kusikilizana. Kuna mmoja kanishupalia tangu asubuhi, ananiita kibaraka!”

“Pole, mwanangu. Hata mimi kuna mtu huko, hana adabu hata chembe.”

Mzee akabonyeza. Simu ya nesi ikatetema. Nesi akasoma, akasonya, akajibu; simu ya mzee ikalia. Fundi akaona maneno yaleyale yakitoka simu hii na kuingia ile, akabana kicheko mpaka machozi yakamlenga. Angewaambia, lakini angeanzaje bila kukiri kwamba alikuwa akichungulia?

Basi likasimama. Nesi akamshika mzee mkono, akamteremsha taratibu.

“Mungu akuweke, mwanangu,” alisema mzee. “Laiti wa mtandaoni wangekuwa kama wewe!”

Fundi akashusha pumzi. Nyuma ya bega lake sauti ikanong'ona: “Dada, kumbe na wewe umeona?”