Jeni Ambayo Sokwe Hana

Ndani ya basi la kwenda mtaa wa Drumcondra, Bi Dymphna aliketi nyuma ya watafiti wawili wa chuo, na kwa kuwa hawakunong'ona, hakuona sababu ya kuziba masikio.

"Jeni mpya kabisa, Fiachra," alisema mwanamke. "Kipande cha DNA kilichokaa bure miaka yote, kimebadilika kidogo tu, kikaanza kutengeneza protini. Binadamu anayo, sokwe hana. Kesho natangaza."

"Sokwe hana, au hukuiona?"

"Usinianze."

"Orlaith, jana nimefungua ramani ya DNA ya sokwe. Pale pale penye jeni yako pana pengo. Hapajasomwa na mtu! Umegonga mlango, hujafunguliwa, ukasema nyumba haina watu."

Bi Dymphna, ambaye kila akija mkaguzi wa leseni ya televisheni, ada asiyoilipa, hujibanza nyuma ya pazia asifungue mlango, aliielewa sayansi hiyo mara moja.

"Sasa nifanyeje? Waziri anakuja. Keki imeshaagizwa. Jeni nimeipa jina la mama, na mama ameshanunua kofia ya sherehe!"

"Msome sokwe upya."

"Na kofia?"

Basi likasimama. Mlangoni Orlaith akamwambia dereva asante kwa sauti, kama wafanyavyo abiria wote wa mji ule wanaposhuka. Siku hiyo dereva hakuitikia.

"Kesho utangaze na hili," alisema Fiachra akishuka nyuma yake. "Gari halina dereva."