Moyo Unabisha Hodi

Kijiwe chetu ni benchi refu nje ya duka la vipuri lililofungwa. Alilitengeneza Mzee Randa, seremala, enzi zile mikono yake ilikuwa haijaanza kusahau kazi. Asubuhi ile binti yake alituachia tukae naye, akaenda kumnunulia dawa. Walikuwa wametoka hospitali, ambako mzee alibandikwa waya kifuani na kichwani. Tukampa kahawa, tukamzonga kama inzi.

— Wamesemaje? akauliza Spana, fundi wa magari.

— Moyo ukipiga, ubongo nao hutoa umeme kidogo, kama mtu anayeitikia hodi. Wangu unabisha, mwitikio ni hafifu. Huenda ni uzee tu, huenda ni mwanzo wa jambo jingine. Daktari mwenyewe hajajua.

— Altaneta hiyo, akasema Spana. Injini nzima, ila betri haichajiwi.

— Wapi, akasema Wakili, ambaye mahakama aliiona akiwa mshtakiwa. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Ya mzee imezidi uzito, haipandi kichwani.

— Methali hiyo ni ya undugu, bwana, nikamwambia.

— Kwani moyo na kichwa si ndugu?

Tukacheka. Mzee Randa hakucheka.

— Mimi nauliza, akasema. Nikimkumbuka mama watoto, anayemkumbuka ni nani? Moyo au kichwa?

— Ini, akajibu Wakili.

— Acheni, akasema Spana. Zile waya zinanyonya. Umeme ukikatika mtaa mzima, hospitali inawaka. Mnadhani inawashwa na nini? Na wazee.

— Hapo umesema, akadakia Wakili. Kikulacho ki nguoni mwako. Na waya zilipita wapi kama si chini ya shati?

Mzee aliinuka, akasema jambo. Nilisikia neno moja tu, zamu, maana Spana alikuwa anapiga hesabu wazee wangapi wanatosha kuwasha soko.

Binti yake akarudi na mfuko wa dawa.

— Shikamooni. Baba yuko wapi?

Tukageuka. Kikombe cha mzee kilikuwa kimejaa, kahawa imepoa.

— Alikuwa hapa hapa, akasema Wakili.

— Najua alikuwa hapa. Niliwaachia ninyi.

Nikamwambia nilichosikia kuhusu zamu. Akafumba macho kidogo.

— Kiwandani, akasema, akaanza kwenda. Tukamfuata.

Tulimkuta mzee nje ya kiwanda cha nguo, alikofanya kazi marehemu mkewe mpaka kilipofungwa. Geti limeliwa na kutu, majani yamefika kiunoni huko ndani. Mzee Randa alikuwa amesimama wima, shati amelichomekea vizuri, kiganja kifuani.

— Baba, twende nyumbani.

— Tumngoje mama yako kwanza. Huu moyo nao, unakwenda mbio kama siku ya kwanza niliyomngoja hapa.

Kisha akatugeukia sisi.

— Wenzake wote wameshatoka. Mbona yeye hatoki?

Binti naye akatutazama, sisi mabingwa wa moyo na umeme, akingoja mmoja wetu amjibu baba yake.