Shangazi na Tangi Shahidi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtunza samaki wa maabara yetu ya maji anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Kwenye jalada lake ana cheo kirefu kisichosemeka kwa pumzi moja. Sisi tunamwita Shangazi, hata mkurugenzi, ambaye kwa umri ni kaka yake.

Alianza akiwa mfagizi wa chumba cha matangi. Humo ndimo tunamopima sumu za kufukizia wadudu kwenye maghala ya nafaka: dawa kidogo inatiwa ndani ya maji yenye visamaki vya mtoni, vidogo kama kiungo cha kidole, kisha kwa siku nne tunahesabu vingapi vimekufa. Ni kazi ya kusikitisha na haipambiki. Mfagizi hakumaliza miezi mitatu kabla ya kujulikana kwamba anatambua mapema ni tangi gani litaanza kufa. Visamaki hupanda juu kugombea hewa, huyumba, kisha hulala ubavu, na Shangazi alikuwa akiona kule kuyumba sisi bado tunatafuta miwani. Akapewa kazi, akasomea cheti na mtoto mgongoni, akatupita alama baadhi yetu tuliokuwa tukimfundisha.

Mlangoni hakuwa na mchezo. Manukato, dawa ya mbu, hata mafuta ya nywele: hupiti. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu aliingia akinukia kama duka zima la marashi, akatolewa nje akanawe hadi viwikoni. Alinawa. Mume wa Shangazi, fundi cherehani, hutulalamikia kwamba hata nyumbani hunuswa kwanza ndipo asalimiwe.

Lakini siwezi kuandika wasifu huu kwa kuchekesha tu. Yaliyotokea miaka kumi na tisa iliyopita, nikiyakumbuka, mwili bado unanisisimka.

Kila jaribio lina tangi moja lisilotiwa dawa. Tunaliita tangi shahidi, kwa sababu ndilo linalotuhakikishia kwamba samaki ni wazima na maji ni safi. Kanuni yetu ilikuwa kwamba shahidi akifa, jaribio zima ni batili: maji yanamwagwa, fomu inachanwa, tunaanza upya. Jumatatu moja visamaki vyote ishirini vya tangi shahidi vilikutwa vimelala ubavu. Tukamwaga, tukaanza upya. Jumatatu ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Mkemia mkuu nilikuwa mimi ninayeandika haya. Nilitia sahihi neno “batili” mara tatu, nikatupa jongoo na mti wake, halafu nikamwandikia Shangazi barua ya onyo kwa uzembe, kwamba anachanganya ndoo. Onyo jingine moja, na kazi ingekuwa imekwisha.

Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniuliza maji ya tangi shahidi yanatoka wapi. Nikamjibu kwamba yanatoka kisimani kwetu, kama siku zote. Akasema alitaka nijisikie mwenyewe nikilitamka hilo. Nililitamka, na sikulisikia.

Kesho yake alfajiri aliweka mabeseni mawili dirishani: moja la maji ya kisima, jingine la maji ya mvua aliyoyakinga paani. Visamaki kumi kila beseni, bila tone la dawa. Saa nne asubuhi tulikuwa kwenye kikao cha wiki mlango ulipofunguliwa bila hodi, jambo ambalo Shangazi hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya siku hiyo. Aliyatua mabeseni mezani, juu ya karatasi zetu. Kwenye la mvua visamaki vilikuwa vikikimbizana. Kwenye la kisima vyote kumi vilikuwa vimekufa. Akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani kati yetu amekunywa maji leo.

Niliitazama glasi iliyokuwa mbele yangu, nusu imeshanyweka. Kichwa kilichoniuma wiki tatu nilikuwa nimevisingizia vikao.

Shangazi hakungoja tuzinduke. Alishavuka ua mbio, viatu mkononi, kwenda chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi, ambako bomba lilikuwa la kisima hicho hicho. Sisi angalau mengi tuliyokunywa yalikuwa ya chai, yamechemshwa hadi sehemu ya sumu ikatoka na mvuke. Watoto walikunywa mabichi. Watatu walikuwa wakitapika tangu asubuhi, na mlezi alidhani ni tumbo tu. Mmoja wao alikuwa binti yangu wa miaka minne. Walilazwa wote, na wote walipona.

Ghala la jirani lilikuwa likiosha sinia za vumbi la vidonge vya kufukizia nafaka, vumbi walilodhani limekwisha nguvu, na mfereji wao ulikuwa umepasuka hatua chache kutoka kisimani. Sumu tuliyoipima kwa matone tulikuwa tukiinywa kwa glasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo tulikuwa tumeivaa watu sita wenye digrii. Tangi shahidi lilitoa ushahidi mara tatu, tukaumwaga kwenye sinki.

Kisima kilifukiwa na kanuni ikabadilishwa. Siku hizi shahidi akifa, maji yake ndiyo yanayopimwa kwanza. Shangazi amewafundisha hivyo watunza samaki kumi na wanne.

Wiki mbili zilizopita nilifungua jalada lake nitafute tarehe za wasifu huu. Barua yangu ya onyo bado imo. Miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuifuta. Niliona aibu hadi nikakaa chini. Nilipompelekea, aliitazama kidogo, kisha akaniuliza binti anaendeleaje na chuo. Barua hiyo sasa imefutwa rasmi, na ninamwomba radhi hapa hapa, mbele ya wote.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaka saa wala kabati. Ameomba lile tangi shahidi na visamaki ishirini, akaviweke jikoni kwake katika maji ya bomba la mtaani. Amesema vikilala ubavu atapiga simu.

Shangazi, asante kwa macho yako na kwa mbio zile za kuvuka ua. Tunakuombea umri mrefu, nyumba yenye amani na maji safi. Na simu hiyo ipige saa yoyote. Safari hii nitaitua glasi kabla hujamaliza salamu.