Nazira Khouri Saadeh, Aliyemtoa Mwenyekiti Nje

Marehemu Nazira alizaliwa tarehe 3 Aprili 1949 katika kijiji chetu cha Ain Battiha, wilayani Koura, binti wa kwanza wa Wadih Khouri na dada yangu Mountaha. Mimi Habib, ninayewasomea, ni mjomba wake, ingawa nilimzidi miaka minne tu. Heshima yangu yote niliidai kuanzia hapo.

Alisoma kwa watawa mjini Tripoli hadi 1966. Mimi shule niliiacha mapema, kwa kuwa nilikwisha kujua mengi. Akili yake ilionekana angali mdogo. Pasaka moja, tukigonganisha mayai ya kuchemsha kuona la nani halitapasuka, alikataa katakata niwe mwamuzi, akasema yai langu nalo limo mchezoni. Alikuwa na miaka sita.

Alifundisha shule ya kijiji kwa miaka thelathini. Mwaka 1971 aliolewa na Mitri Saadeh, mkulima wa zeituni aliyeongea kidogo, pengine kwa kukosa nafasi. Walijaliwa Rima na Elias. Mitri alifariki 1996, na wanachama wa ushirika wetu wa kukamua zeituni wakamchagua Nazira kushika nafasi ya mumewe kwenye bodi.

Mwenyekiti nilikuwa mimi, na ndimi hadi leo. Mikutano hufanyika sebuleni kwangu, na yeye sikuwa nikimwita. Nilimpelekea karatasi asaini, nikanywa na kahawa yake. Oktoba 1998 alikuja bila kuitwa, amebeba kiti cha jikoni kwake. Siku hiyo tulikuwa tunaamua kununua mashine mpya ya kukamulia, na muuzaji alikuwa mwanangu Nabih.

“Mjomba, muuzaji ni mwanao. Tupishe tuamue.”

“Nitoke kwenye nyumba yangu?”

“Ndiyo. Kahawa tutajimiminia.”

Nikatoka, nikasimama chini ya mti wa tini kama mtoto aliyevunja sahani. Mashine ya Nabih haikununuliwa. Nami, mtu ninayesikilizwa Koura nzima, nikahakikisha hakuna wa ukoo anayekanyaga kwake siku ya Pasaka. Kila mwaka alichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu ili yawe mekundu, akayapanga mezani, akaacha mlango wazi. Hatukwenda. Naona aibu kulisema hili mbele ya jeneza lake, lakini msiinamishe vichwa, ndugu zangu: peke yangu nisingeweza.

Figo zilianza kumsumbua 2015. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, na hata pale kitandani nikamwambia mashine ile ilikuwa nzuri.

“Pengine ilikuwa nzuri, Mjomba,” akasema polepole. “Lakini tungejuaje, na wewe umekaa pale?”

Mnanijua, mimi ni wa kumiminiwa. Siku hiyo nilimmiminia yeye maji.

Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 11 Februari 2018. Ameacha Rima, Elias aliye Montreal, wajukuu wanne, mdogo wake Fuad, na mjomba mmoja.

Kiti chake cha jikoni bado kiko sebuleni kwangu. Jumamosi ijayo wanachama watakuja kumchagua wa kukikalia, na mjukuu wangu Ghassan ameomba. Ni kijana hodari, lakini msiniulize mimi. Nitakuwa nje, chini ya mtini.

Mungu ampe Nazira amani tuliyomnyima.