Aliyevaa Kofia ya Mume Wangu

Asalaam aleikum, kina mama. Na wenzetu wa upande wa kanisa, amani iwe nanyi. Mwenyekiti kaniambia nisimame niseme kidogo, na hilo neno kidogo kalirudia, maana ananijua. Mimi nilikuja mji huu sijui hata kuomba maji kwa Kiswahili. Mkanifundisha kusema, mkasahau kunifundisha kunyamaza. Sasa mtanivumilia.

Majina sitataja. Ninaowasema wengine mmekaa nao mkeka mmoja, lakini kanuni ya kikundi chetu cha wajane ni hiyo na mimi naifuata. Nasema hasa kwa mdogo wetu pale karibu na nguzo. Mume wake alikuwa mtu wa bandarini, amemzika juzijuzi tu, na ndugu zake wanampigia simu arudi kwao Kigoma. Kila akija hapa anauliza swali moja: nibaki au nirudi? Mdogo wangu, jibu lako sina. Nina langu, na nitakwambia nililipataje.

Nilikuja Mtwara mwanzoni mwa miaka ya tisini, bibi harusi, nikitokea kijiji kimoja cha Punjab, huko Pakistani. Mume wangu alikuwa ametangulia. Alikuwa fundi wa majenereta na pampu, na umeme wa wakati ule mnaukumbuka, ulikuwa unakuja unapotaka wenyewe. Kazi haikumpungukia. Tukapanga nyumba hapa Chuno, gereji yake ikawa Chikongola, nyuma ya maduka.

Sisi Wapakistani tulikuwa familia chache tu. Na nawaambia, ndugu zangu, hapakuwa na familia hata moja iliyokuwa inaishi hapa. Zote zilikuwa zinarudi. Kila Ijumaa baada ya sala wanaume walikaa kwenye baraza yetu wakinywa chai ya maziwa, na mazungumzo ni yaleyale: turudi lini? Msimu wa korosho ukiisha. Watoto wakimaliza shule. Mwakani, inshallah. Mwakani ikifika, inasogezwa. Huyu anasema kule kuna ndugu, yule anajibu kule hakuna kazi, mwingine anauliza basi tutazikwa wapi, na chai inapoa. Mume wangu alikuwa ameshajenga kijijini kwao nyumba ya ghorofa, ya matofali ya kuchoma, na hakuwahi kulala ndani yake hata siku moja. Ufunguo alikaa nao kaka yake. Masanduku yetu ya safari yalikaa juu ya kabati, tayari. Vyombo vizuri sikununua, nikisema nitanunua kwetu. Mwanamke mzima nakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki, miaka inakwenda.

Sasa, upande wa pili wa ua wetu alikaa mama mmoja wa Kimakonde, mzaliwa wa Newala. Mbona mnatazama nyuma yangu? Nitazameni mimi, ndiye ninayesema.

Huyo mama alikuwa anamtukana mume wangu kila asubuhi ya Mungu. Mume wangu alikuwa na kofia yake ya sufu, kofia ya baridi ya kwao, na hakuivua hata jua la Desemba liwake vipi. Akitoka tu, yule mama huku anamenya mihogo anapaza sauti: "Wewe Mpakistani, humo kichwani unapika nini mpaka umefunika hivyo?" Mume wangu anamjibu kwamba anapika akili, na kama anataka alete bakuli, kwake haijawahi kufika. Yule mama anamwambia anatembea kama bata aliyekanyaga mwiba. Kweli goti lake moja lilikuwa bovu. Mimi ndani nasikia kila neno. Kwetu mtu akitukanwa hivyo mlangoni kwake, ndugu wanakuja na fimbo. Nikamuuliza mume wangu huyu mwanamke tumemkosea nini. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Mwache, huyo ni wangu." Maneno gani hayo ya kumwambia mke? Nikamnunia.

Basi nikaamua kwamba tuna adui ng'ambo ya ua, na kwamba hiyo ni sababu nyingine ya kurudi.

Mume wangu alifariki ghafla, moyo, akiwa kazini. Alitoka nyumbani anatafuta bisibisi yake, akarudishwa amebebwa. Siku ile nyumba ilijaa. Mlikuja kutoka Chuno, Chikongola, Ufukoni, wengine sikuwajua hata sura. Mlitandika mikeka, mkapika, mkanishika mikono. Mimi nimekaa kama gogo, binti yangu amelala mapajani, machozi yamekataa.

Katikati ya msiba akaingia yule mama. Amevaa ovaroli ya mume wangu yenye mafuta ya mashine, spana imening'inia kiunoni, na kichwani, wanawake wenzangu, ile kofia ya sufu. Akapita katikati ya waombolezaji anachechemea kwa goti lilelile, anaita kwa Kiswahili kilekile cha kubomoka cha marehemu: "Mama toto! Bisibisi yangu nani nachukua?" Watu waliokuwa wanalia wakaangua kicheko. Waliokuwa wananong'ona wakaangua kicheko. Nyumbani kwangu, maiti ya mume wangu iko chumba cha pili.

Nilisimama. Nikaivuta ile kofia kichwani mwake, nikamwambia atoke. Sikupiga kelele, sauti ilikuwa imeshakauka. Yule mama akanitazama, akavua ovaroli taratibu, akaikunja, akaiweka kwenye mkeka, akatoka. Baadaye niliambiwa alikwenda uani, akaosha masufuria yote ya msiba mpaka la mwisho, kisha akaenda kwake.

Jioni bibi mmoja, Mungu amrehemu, alinikalia karibu akanieleza. Akasema yule ni mtani wa mumeo, wamewekeana utani wenyewe miaka mingi. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukutukana ukiwa hai na kukuigiza ukifa, watu wapate kucheka kidogo wasivunjike. Na hiyo kazi hapewi mgeni. Anayefiwa bila mtani, msiba wake unapoa. Nilimsikia kwa masikio. Rohoni hayakuingia. Nilisema moyoni, hizi ni mila zao, mimi si wa hapa, narudi kwetu.

Nikakaa eda. Hapo ndipo nilipoanguka, mdogo wangu, si siku ya mazishi. Mazishi yana watu. Nilikuwa nakaa kitandani natazama yale masanduku juu ya kabati. Kula sikuli, nywele sikuchana, binti yangu akawa ananipikia uji yeye, mtoto mdogo. Shemeji yangu akipiga simu kutoka Pakistani analia kwanza, kisha ananiambia chumba cha juu kiko tayari, nyumba ni ya marehemu, ni yako, utakaa hapa na nani? Wapakistani wenzetu waliobaki nao wakanishauri hivyohivyo. Na ng'ambo ya ua kimya. Yule mama anafagia, anamenya mihogo yake, hasemi neno. Siku moja binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona siku hizi hatutukanwi?" Nikamwambia akale.

Eda ilipokwisha nikashusha masanduku. Nilisema nakwenda kutazama tu, lakini nilifunga kila kitu, na kofia nikaitia.

Sitamsema mtu wa kule vibaya. Walitupokea kwa upendo. Shemeji alikuwa amepaka rangi chumba, wake zake shemeji na dada zake wakanipa mahali pazuri pa kukaa, chakula nikaletewa cha kwanza. Nilikuwa nyumbani, lugha yangu, harufu ya udongo wangu. Lakini kila nikiingia mahali, watu wanashusha sauti. Mjane kaingia. Aliyekuwa anacheka anaziba mdomo. Kwao hiyo ndiyo heshima, na mimi nilikulia ndani ya heshima hiyohiyo. Binti yangu ananiuliza kwa Kiswahili hapa wanauza wapi ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na mimi nikijibu kwa Kiswahili wanatutazama kwa huruma.

Na mume wangu hawakumjua. Hilo ndilo lililonishtua. Aliondoka pale kijana hana ndevu. Walimkumbuka akirusha tiara juu ya paa, akianguka mtini. Goti lake bovu hawakulijua. Kwamba alikuwa anaimba akifungua mashine na ananyamaza akiifunga, hawakujua. Walikuwa wanamlilia mtoto, na mimi nimezika mzee wangu.

Jioni moja tumekaa wanawake peke yetu, dada yake akaniuliza kwa upole, kaka yangu alikuwaje siku za mwisho? Nikaanza kueleza, maneno hayaji. Nikanyanyuka. Nikaenda kwenye sanduku, nikavaa ile kofia. Nikachechemea kutoka ukuta mpaka ukuta, mkono kiunoni, nikaita, "Mama toto! Bisibisi yangu nani nachukua?"

Binti yangu alicheka. Tangu msiba alikuwa hajacheka. Alicheka mpaka akaanguka kwenye zulia, na hapohapo akalia, nami nikalia, yale machozi yaliyokataa siku ya mazishi yakatoka yote. Mawifi zangu wameduwaa. Mmoja alikimbia kuniletea maji akidhani nimeingiwa na kitu.

Nikiwa nimevaa ile kofia ndipo nilipoona yule mama alikuwa ananiletea nini siku ile. Alikuwa amemsoma mume wangu miaka yote ile, hatua kwa hatua, ili siku akiondoka awepo mtu wa kumrudisha japo dakika moja. Na nikajiuliza, nikifa mimi hapa, ni nani ataniigiza? Watasema alikuwa mwanamke mpole, mjane wa fulani. Mimi mpole? Si mnanijua?

Nikamwambia shemeji tunarudi Mtwara. Alisononeka sana. Alisema, "Kule umebakiwa na nani?" Nikamwambia, "Nina mtani." Akauliza hiyo ni ndugu wa namna gani. Nikajaribu kumweleza kwamba ni mtu wa kunitukana. Masikini shemeji, alinitazama akadhani huzuni imenipanda kichwani. Lakini ni mtu mwema. Alitukatia tiketi, na ile ghorofa nikamwambia aoze mwanawe aishi humo, nyumba isiyolala watu inaumwa. Leo ina watoto wanakimbia ngazini.

Safari ya Dar kuja huku, lami ilikuwa haijafika, hiyo mnaijua wenyewe, sina la kuongeza. Tuliingia Chuno tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Sikufungua hata mlango wangu. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua, kofia mkononi. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anamenya mihogo. Mdogo wangu, nilikuwa naogopa. Nilijua akinipa pole, kwa sauti ile ya chini kama ya kule, basi nimechelewa, utani umekufa na mume wangu.

Akainua macho. Akanitazama miguu, akanitazama vumbi, akanitazama sanduku. Akarudi kwenye muhogo wake.

"Kumbe na kwenu hawakukutaka," akasema. "Nilijua tu. Mwanamke hajui hata kuunga mboga."

Nikamjibu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamjibu, kwamba kule nilikosa sura mbaya ya kutazama asubuhi, usingizi ukawa hautoki. Akaachia kisu, akacheka, akaja, tukashikana juu ya ule ua tukalia kama watoto. Kofia nikamvalisha mwenyewe.

Mengine mnayajua. Nilianza kutengeneza achari ya embe, napeleka sokoni Chikongola, na mpiga debe wangu akawa yeye: njooni mnunue sumu ya Mpakistani, machozi bure. Wanunuzi wakajaa. Binti amesoma, sasa ni mwalimu huko Masasi, na sanduku moja la juu ya kabati ndilo aliloondoka nalo. La pili natunzia kanga. Vikombe nimenunua vya udongo, vina maua, mkija mtavinywea. Wapakistani wenzetu bado wanakaa baraza Ijumaa na bado wanarudi mwakani. Wakiniuliza mimi, nawaambia chai inapoa, nyweni.

Nawashukuru ninyi mlionishika siku ile bila kunijua. Namshukuru shemeji, aliyeniachia njia bila kinyongo. Namshukuru yule bibi aliyenieleza, japo nilichelewa kumwelewa. Na wewe mdogo wangu, Kigoma ni kwenu, hakuna wa kukulaumu ukienda. Ila kabla hujapanda basi, tafuta yuko wapi anayeijua hatua ya mume wako. Na tafuta yuko wapi anayeijua yako. Hapo ndipo pa kukaa.

Sasa najua kwa nini mnatazama nyuma yangu tangu mwanzo, na mabega yanawatikisika. Mwenzangu yuko mlangoni, sivyo? Kajitanda dupatta yangu, ule mtandio wa kwetu, kashika kiuno, ananyoosha kidole kama mimi.

Sigeuki. Mwacheni aendelee, bado hajaipata vizuri.